Waya wa Milimita Nne

Waya ulinunuliwa kabla mimi sijaitwa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka. Nilifika Beni nikiwa juu ya magunia ya chumvi, ndani ya lori la mtu aliyeniita, nikakuta roli za waya mpya zimepangwa kwenye baraza ya duka lake. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando yazo, mikono nyuma, anangoja nimsifu.

"Fundi, ona," aliniambia. "Ya Bulaya kabisa. Nilitafuta mpaka Kampala. Sasa kazi yako ni kufunga tu."

Niliinama, nikakata ncha ya roli moja kwa koleo, nikapima. Milimita nne. Nikaomba kwanza nionyeshwe mashine.

Ilikuwa miaka ile michache baada ya uhuru. Wazungu wenye mashamba ya kahawa walikuwa wameondoka mmoja mmoja, wengine kwa haraka hata sahani zikabaki mezani. Mzee huyu aliyeniita, wa familia ya Waislamu wa Beni, baba yake aliuza vitambaa, yeye akaongeza malori. Sasa alikuwa amenunua kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Nilimwita Mzee kama kila mtu alivyomwita, ingawa hakunipita kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mwema, aliyesali saa zake zote na kulisha madereva wake vizuri. Naanza kwa kusema hivyo ili msomaji asifikiri nilikuwa na chuki naye. Sikuwa na chuki. Nilikuwa na hasira, na hasira ni kitu kingine.

Mimi nilizaliwa Butembo, upande wa Mususa, katika nyumba ya Wakatoliki waliolima maharagwe na viazi. Mabruda, watawa wa misheni, walinifundisha umeme katika shule yao ya ufundi, kisha nikawa msaidizi wa fundi mzungu kwenye kiwanda cha mbao kwa miaka sita. Alipoondoka aliniachia kipima-volti chake ndani ya sanduku la ngozi. Vitu vyangu vya kazi vilikuwa hicho kipima-volti, koleo mbili, na daftari langu la shule ambamo bruda alituandikisha jinsi ya kutafuta unene wa waya: unachukua urefu wa njia, unachukua amperi za moteri, unaamua ni volti ngapi unakubali zipotee njiani, na hesabu inakupa milimita, yaani za mraba, kama mafundi tunavyohesabu. Bruda yule alikuwa akitwambia kwamba waya una kazi mbili, kubeba umeme bila kuungua, na kuufikisha. Mafundi wengi huuliza swali la kwanza wakasahau la pili.

Kiwanda kilikuwa nje ya mji, kwenye njia ya Beu. Grupu, yaani ile mashine ya mazutu, mafuta ya dizeli, inayozaa umeme, ilikuwa chini kabisa karibu na kijito, ndani ya nyumba ya matofali, imekaa juu ya msingi wa zege. Zamani mashine ya kukoboa nayo ilikuwa hukohuko chini. Lakini Mzee alikuwa ameihamisha. Alijenga banda jipya juu, kando ya barabara, ili malori yapakie kahawa bila kushuka matopeni. Mashine ya kukoboa ilikuwa huko juu tayari, na moteri yake imeshafungwa kwa boliti.

Nilitembea kutoka grupu mpaka bandani nikihesabu hatua. Mita mia na themanini. Nikasoma kibati cha moteri: nguvu za farasi kumi, volti mia mbili na ishirini, amperi ishirini na saba. Nikakaa juu ya gunia, nikafungua daftari, nikafanya hesabu mara mbili, maana nilitumaini ya kwanza ina makosa.

"Mzee," nilimwambia, "waya hii haitoshi."

Hakunijibu yeye. Alijibu shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa malori ambaye aliweza kufumua injini nzima na kuirudisha bila boliti moja kubaki mkononi. Alikuwa na haki ya kujiamini, na alijiamini mpaka kwenye mambo yasiyokuwa yake.

"Haitoshi namna gani?" aliuliza. "Mimi niliuliza muuzaji: waya hii inabeba amperi ngapi? Akasema makumi tatu. Moteri inakula makumi mbili na saba. Donc, basi, makumi tatu inapita makumi mbili na saba, ao hapana?"

"Inapita," nilisema. "Waya haitaungua. Lakini njia ni ndefu. Kila mita inakula kidogo ya nguvu. Kule kwa grupu zitatoka volti mia mbili na ishirini, hapa zitafika mia na tisini, pengine chini ya hapo. Na wakati wa kuanza ndiyo mbaya zaidi. Moteri ikianza inavuta mara sita. Wakati ule itapata nusu na kidogo tu ya nguvu yake. Ikiwa mashine imejaa kahawa, haitazunguka. Itanguruma tu, ipate moto, iungue."

"Courant inatembea mbio kuliko camion yangu yote," alisema Mzee akitabasamu, kana kwamba umeme na malori yake vinashindana. "Mètre mia mbili ni kitu gani kwake?"

"Hapana mbio, Mzee. Ni nguvu. Camion yako ikipanda mlima na mzigo, si ile camion iliyotoka Butembo tupu."

"Lakini inafika," alisema shemeji.

Hapo ndipo niliposhindwa mara ya kwanza. Nilisema waya unaotakiwa ni wa milimita kumi na sita. Mzee akacheka, akasema mara nne! Nikasema kama hataki kununua mwingine, basi arudishe mashine chini karibu na grupu. Kwa mita kumi na tano waya wake ungetosha na kubaki.

Akaacha kucheka. "Nimejenga banda. Nimemwaga béton chini. Nimeweka mabati juu. Sasa unataka nivunje yote sababu ya waya?"

Ilinipasa kuondoka siku ile. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilikuwa na watoto watatu, na kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa, na Mzee alikuwa ameshaniletea chakula. Nikafunga. Nguzo zilikuwa za mikalitusi, nilizisimamisha vizuri, waya ukanyooka. Kazi safi kabisa kwa kitu ambacho nilijua hakitakwenda.

Tulipowasha, mashine ilikuwa tupu, mkanda wake umelegezwa kama nilivyotaka. Moteri ilinguruma, ikatikisika, mhimili ukaanza kuzunguka polepole kama mtu anayeinuka kitandani baada ya homa. Mwisho ikashika mwendo. Wafanyakazi wakapiga makofi. Shemeji naye alipiga makofi, akinitazama mimi.

Niliwaachia maagizo: msiwashe kamwe ikiwa na kahawa ndani. Fizibo, yaani fyuzi, ikikatika, wekeni fizibo ya namna ileile, wala msiweke kitu kingine. Walisema ndiyo. Nikapanda lori kurudi Butembo.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya Mususa, lori lilisimama mbele ya nyumba yangu. Wanaume wanne wakashusha moteri, wakaiweka mlangoni. Ilinuka. Mtu aliyewahi kunusa moteri iliyoungua hasahau, ni harufu ya varnishi na pamba, tamu na mbaya. Dereva alinipa salamu za Mzee.

"Anasema, fundi, moteri yako imekufa."

Yako! Nilirudia neno hilo siku nzima. Nilipoifungua nikajua kila kitu bila kuambiwa. Mashine ilisimama ikiwa imejaa kahawa, wakaiwasha tena hivyohivyo, fizibo zikakatika, na mahali pa fizibo mtu akaweka msumari. Dereva alikiri kuhusu msumari. Shemeji ndiye aliyeuweka.

Kuisuka upya waya wake wa ndani kulituchukua wiki tatu, mimi na mke wangu. Nilitoa waya mwembamba kutoka kwenye moteri nyingine iliyokufa kwenye kiwanda cha mbao, tukausafisha, tukaupaka varnishi. Mke wangu alikuwa fundi wa kusuka vikapu na mikeka, na vidole vyake vilikuwa na subira kuliko vyangu. Mimi nilizungusha, yeye alihesabu kwa sauti, kwa Kinande, na mtu akipita mlangoni kusalimia tulimwinulia mkono tu ili hesabu isipotee.

Siku moja, tukiwa kwenye fungu la mwisho, aliacha kuhesabu. "Baba ya batoto, nikuulize. Ukirudisha hii, baifunge na waya ileile, haitaungua tena?"

"Itaungua."

"Donc tunafanya nini hapa?"

Nilianza kuzungusha tena. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea: makumi mbili na sita, makumi mbili na saba.

Niliporudi Beni na moteri, nilikuwa nimeamua kwamba maneno hayatoshi, nitawaonyesha. Niliifunga, tukaiwasha tupu, kisha tukaipa kahawa kidogokidogo. Nikamchukua Mzee na shemeji, nikawapeleka chini kwa grupu, nikaweka kipima-volti. Sindano ikasimama kwenye mia mbili na ishirini. Tukapanda juu, sote watatu tukihema, nikaweka kipima-volti kilekile kwenye moteri. Mia na themanini na nane.

"Mzee, unaona? Volti makumi tatu na mbili zimebaki njiani. Ziko ndani ya waya, zinaipasha moto bure."

Mzee alitazama sindano kwa muda mrefu. Nilifikiri sasa ameelewa. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Hiyo sindano yako, iko mzima?"

Shemeji alikuwa na wazo bora zaidi. Kama volti zinapungua juu, basi grupu imechoka, tuikimbize zaidi. Nilimkataza. Akashuka nilipokuwa nafunga sanduku langu, akaongeza mazutu mpaka grupu ikaanza kulia, na taa zote za nyumba ya matofali zikapasuka moja baada ya nyingine. Alipanda akiwa na vipande vya kioo kwenye nywele. "Lakini hapo juu ilikuwa nzuri kidogo," alisema.

Nilicheka siku ile, nikiri. Lakini usiku kucha meno yalikuwa yameumana. Si kwamba walikuwa wajinga. Wangekuwa wajinga ningewavumilia. Walikuwa watu wenye akili ambao hawakutaka kusoma ukurasa mmoja. Nililifungua daftari mbele yao mara ngapi? Macho yao yaliteleza juu ya hesabu kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mgonjwa.

Nilikuwa bado Beni, natafuta lori la kurudi, waasi walipoingia. Habari zao zilikuwa zimewatangulia kwa wiki kadhaa, zikitoka upande wa msituni. Walifika asubuhi, wengine na bunduki, wengi na mikuki na mapanga, majani yamefungwa kichwani. Askari wa serikali walikuwa wameshakimbia. Sitaeleza yote niliyoyaona mjini siku zile, wengine wameyaona zaidi yangu na wamepoteza zaidi. Malori ya Mzee yalichukuliwa yote. Yeye mwenyewe na jamaa zake walifungiwa ndani ya nyumba yao. Shemeji alitoroka kupitia mashamba ya muhogo.

Mimi nilikutwa kiwandani. Mkubwa wao alikuja siku ya tatu. Alikuwa kijana mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na sauti ya chini. Alitaka unga. Watu wake walikuwa mamia, mahindi yalikuwepo, na bandani kulikuwa na kinu cha mahindi ambacho kiliweza kuvutwa na moteri ileile.

"Wewe ndiye fundi? Kesho nataka kinu kizunguke."

Ningesema ndiyo tu. Mtu mwingine angesema ndiyo. Lakini nilijua kitakachotokea: wangejaza kinu, wangewasha, moteri ingeungua, na mbele ya watu wale moteri kuungua haingeitwa waya mwembamba. Ingeitwa kazi ya adui. Niliogopa, na kwa sababu niliogopa nikasema ukweli. Nilisema waya hautoshi kwa njia ya karibu mita mia mbili.

Mmoja wa walinzi wake alinisukuma kwa kitako cha bunduki. "Risasi za maadui zinageuka maji mbele yetu, na wewe unasema courant inashindwa mita mia mbili?"

Mkubwa akamnyamazisha kwa mkono. "Nani amekuambia haitoshi?"

"Hesabu," nilisema.

"Lete."

Nikampa daftari. Alikaa juu ya gunia la kahawa, akavua kofia, akaomba penseli yangu. Alisoma. Nasema alisoma, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Baadaye niliambiwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mahali fulani upande wa Kisangani. Alirudia kuzidisha pembeni mwa ukurasa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, kisha akaweka kidole.

"Hapa umepata kumi na moja na kitu. Halafu umeandika kumi na sita. Kwa nini?"

"Kwa sababu waya wa kumi na moja hautengenezwi, chef. Kuna wa kumi, kuna wa kumi na sita. Wa kumi ni mdogo."

"Ah." Alifikiri. "Donc mtu anapanda."

"Anapanda. Hashuki."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga daftari, akanirudishia. "Hesabu ni sahihi. Waya hautoshi," aliwaambia watu wake, kama anayetoa maksi.

Sijui nielezeje nilivyojisikia. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ambao wangeweza kuniua kabla ya chakula cha mchana, nami nikataka kulia kwa shukrani. Wiki kwa wiki nimebeba karatasi ile, na mtu wa kwanza kuisoma mpaka mwisho amekuja na mikuki.

Siku mbili baadaye waliniletea waya. Ulikuwa mnene, wa shaba, umekunjwakunjwa ovyo nyuma ya lori kama kamba ya mbuzi. Niliuvuta kuunyoosha, na mkono wangu ukapita juu ya kiungo kimoja. Kilikuwa kimezungushwa kwa waya mwembamba, mizunguko imebanana, ncha imerudishwa ndani. Mimi ndiye ninayefunga hivyo. Nilikijua kama mtu anavyojua mwandiko wake.

Ulikuwa waya wa materniti, nyumba ya kuzalia iliyoko kilomita kama kumi kutoka Beni kwenye njia ya Butembo. Miaka miwili kabla nilikuwa nimeuvuta kutoka kwenye kiturbini cha misheni, kile kinachozungushwa na maji, mpaka nyumba hiyo, ili akina mama wasizae kwa taa ya kibatari. Njia ilikuwa ndefu, na kwa mara moja katika maisha yangu padri aliniuliza unene gani unatakiwa na akanunua huohuo.

Nilikwenda kwa mkubwa. Nilimwambia waya ule umetoka wapi.

Hakukasirika. "Akina mama walizaa kabla ya umeme," alisema. "Watu wangu hawatembei bila unga. Funga."

Nikafunga. Sijatafuta neno zuri la kufunika hilo. Nilipandisha waya ule kwenye nguzo zangu za mikalitusi, na tulipowasha, moteri haikunguruma. Ilinyanyuka. Ukihesabu moja, mbili, tatu, ilikuwa imeshika mwendo, mkanda umekaza, kinu kinalia. Niliweka kipima-volti: mia mbili na kumi na mbili, sawa na daftari. Kwa kitambo kidogo nilifurahi kama mpumbavu. Kisha nikakumbuka chumba kile chenye vitanda sita, nikatoka nje, na sauti ya moteri ikanifuata mpaka kijitoni.

Walisaga kwa muda wa wiki tatu. Ndege zilipoanza kupita na habari za jeshi kukaribia, waliondoka kwa siku moja, mkubwa pamoja nao. Sikujua alikoishia. Mahindi yalibaki nusu ndani ya kinu.

Kabla ya kitu chochote kingine niliushusha waya. Nilimwambia Mzee, ambaye sasa alikuwa amefunguliwa na amekonda, kwamba naurudisha materniti. Akasema hewala. Niliukunja vizuri, nikaupakia kwenye baiskeli kwa mafungu, nikaanza na fungu kubwa, nikisukuma. Kwenye kizuizi cha kwanza askari wa serikali walinisimamisha.

"Moyibi!" mmoja alipiga kelele kwa Kilingala. Mwizi. "Moyibi ya cuivre!" Mwizi wa shaba.

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya, maana katika maelezo yangu mlikuwemo waasi, na kinu, na mimi niliyefunga. Waliniweka ndani ya ghala tupu la chumvi, waya ukawekwa nje ya mlango. Nilikaa mle siku tatu. Siku ya pili walimwita Mzee. Nilimwona kupitia ufa wa mbao, kanzu yake imefuliwa.

"Fundi namujua," alimwambia ofisa. "Ni mutu muzuri. Lakini habari ya waya, mimi siijue."

Akaondoka bila kutazama ghala. Alikuwa ameogopa, na malori yake mawili, waliyoyakuta kwa waasi, yalikuwa mikononi mwao. Naelewa. Nilielewa hata siku ile, na kuelewa hakukunisaidia chochote.

Aliyenitoa alikuwa mkunga wa materniti. Alisikia kwamba kuna mtu amekamatwa na waya wa shaba, akaja kwa miguu, kitenge kimefungwa kiunoni, amelowa mvua. Alisimama mbele ya ofisa bila kuinama.

"Hiyo waya ni yetu. Na huyu ndiye aliifunga, miaka mbili inapita. Niliona na macho yangu."

"Waya zote zinafanana, mama."

"Yetu iko na viungo tatu. Mbili karibu karibu, na moja mbali. Hesabu."

Ofisa, labda kwa uchovu, akaamuru waunyooshe. Fungu nililokuwa nalo lilikuwa na viungo vyote vitatu. Mbili karibu karibu, na moja mbali. Akaniachia. Lakini askari wake walikuwa wameshakata kipande cha mita arobaini hivi kwa kazi zao, na hicho hakikurudi.

Tulitembea pamoja mpaka materniti, mimi nasukuma baiskeli, yeye ameshika waya usiteleze. Njiani aliniuliza kwa nini niliufunga kwa waasi. Nikamwambia niliogopa. Aliusukuma waya uliokuwa unateleza, ukarudi mahali pake. Kisha akaniambia kwamba katika wiki zile tatu alizalisha kumi na mmoja kwa kibatari, na mmoja wa akina mama wale alitoka damu nyingi, hakuona vizuri inatoka wapi, akampoteza. "Sisemi ni wewe," alisema. "Nakuambia tu."

Niliufunga tena kwa siku nne, baada ya kuleta mafungu yaliyobaki. Mahali palipopungua nilitia waya wa Mzee wa milimita nne, alinipa bure. Kwa taa sita tu, ulitosha kabisa. Mkunga aliwasha, akazima, akawasha tena, akaenda kuchemsha maji.

Msimu uliofuata Mzee aliniita. Nilisitasita kwenda, nikaenda. Banda lake la juu lilikuwa limeng'olewa mabati yote na askari, zikabaki nguzo na zege. Kahawa haiwezi kukobolewa kwenye mvua. Basi alikuwa amerudisha mashine chini kwenye nyumba ya matofali, kando ya grupu, kwa sababu huko kulikuwa bado na paa. Mita kumi na tano. Nilifunga kwa asubuhi moja, kwa waya uleule uliobaki kwenye roli. Shemeji, aliyekuwa amerudi na kovu jipya mguuni, alijaza mashine kahawa makusudi kabla sijamkataza, akawasha. Ikaondoka bila kusita.

Mzee alisimama akisikiliza, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu vita. Akanigeukia, akanishika bega kwa upendo wa kweli.

"Unaona sasa, fundi?" alisema. "Nilikuambia tangu mwanzo. Waya hii inatosha."

Nilifungua mdomo. Daftari lilikuwa mfukoni. Nilimtazama, nikamwona jinsi alivyozeeka kwa mwaka mmoja, na mashine ilikuwa inapiga kelele hivi kwamba ingenibidi nipige kelele zaidi yake.

"Ndiyo, Mzee," nilisema.

Nilipofika Mususa mke wangu alikuwa anachambua maharagwe barazani. Aliuliza mashine inakwenda? Nikasema inakwenda vizuri. Akaniuliza mbona basi nimefura namna hii. Nikamsimulia, na nilipofika kwenye maneno ya Mzee akaangua kicheko, akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Mimi sikucheka. Nilivua viatu vyenye matope ya Beni, nikaingia ndani kulala.